Tulichukua vikundi, tukaliacha swali

Mwanafunzi wa darasa la tano anaulizwa 1/2 + 1/3. Anaandika 2/5. Mwalimu anatia alama ya kosa kwa kalamu nyekundu na kuvuta daftari linalofuata, maana rundo bado liko mezani na kengele ya kipindi iko karibu kulia. Kila mwalimu wa Hisabati amekutana na jibu hilo. Ukilitazama kwa utulivu utaona kwamba mtoto hakubahatisha. Amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili, kwa kanuni ileile iliyompatia alama za vema tangu darasa la kwanza alipokuwa akijumlisha namba nzima. Tatizo lake ni kwamba bado anaona namba mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine. Hajaiona sehemu kuwa namba moja. Mwulize kama 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu, na huenda akashtuka mwenyewe kwamba ameanza na nusu, akaongeza kitu, akaishia na pungufu ya nusu.

Mwalimu afanye nini na jibu hilo? Lolote atakalofanya, hata akinyamaza, limebeba imani fulani kuhusu jinsi binadamu anavyojifunza. Nadharia za ujifunzaji zinaanzia hapo. Ndiyo maana inaniuma kuona vyuoni zikifundishwa kama orodha ya majina na miaka, mwanachuo azikariri kwa ajili ya mtihani kisha aziache getini siku ya kuhitimu. Nadharia hizo zina jambo zito la kutuambia kuhusu mtoto wa 2/5, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya mageuzi ya elimu ya Afrika Mashariki katika miaka ishirini iliyopita imelipita jambo hilo bila kulisikiliza.

Mwaka 1898 Edward Thorndike aliwafungia paka ndani ya masanduku na kupima muda waliotumia kujifungulia. Akahitimisha kwamba tendo linaloleta matokeo ya kuridhisha hurudiwa. Nusu karne baadaye B. F. Skinner alitembelea darasa la binti yake huko Marekani na kukuta watoto wakifanya mazoezi ya Hisabati bila kujua kama wamepata au wamekosa, wengine wamekwama, wengine wamemaliza na wamekaa bure. Akabuni mashine ya kufundishia iliyogawa somo katika hatua ndogondogo na kumjulisha mtoto matokeo yake papo hapo. Kwetu nadharia hii ya tabia imebebeshwa kila ubaya wa shule: fimbo, kukariri, darasa zima kuitikia kwa sauti moja. Haistahili lawama hizo. Skinner alipinga adhabu, na mwendo mmoja wa darasa zima ndio hasa uliomkera. Kwa mtoto wa 2/5 angemwambia mwalimu kwamba amechelewa: kosa hili lilipaswa kuonekana hatua kadhaa nyuma, siku mtoto alipofikiri 1/4 ni kubwa kuliko 1/3 kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu.

Jean Piaget alianza kazi yake kubwa kwa kutazama majibu ya namna hiyohiyo. Akiwa kijana, mjini Paris, alipewa kazi ya kusahihisha majaribio ya akili ya watoto. Kilichomvutia kilikuwa makosa. Aliona kwamba watoto wa umri mmoja hukosea kwa namna zinazofanana, na kwamba nyuma ya kosa kuna mantiki kamili, ila ni mantiki ya mtoto. Kutokana na hapo akafundisha kwamba mtoto hujenga maarifa yake mwenyewe, na hubadilisha mjengo huo pale tu anapokutana na jambo lisiloingia ndani yake. Mwulize mtoto wa 2/5 kuhusu nusu, na jambo hilo limeshafika.

Lev Vygotsky alizaliwa mwaka uleule na Piaget, 1896, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 37. Maandishi yake yalizuiwa kwao katika zama za Stalin na yakaja kusomwa kwa upana baadaye sana. Alitoa mfano wa watoto wawili ambao kwa kipimo cha kawaida wote wana uwezo wa mtoto wa miaka minane. Wape msaada kidogo, swali la kuwaongoza au mwanzo wa njia: mmoja anatatua mafumbo ya mtoto wa miaka kumi na miwili, mwingine anaishia ya miaka tisa. Je, watoto hawa wako sawa? Kwake, ufundishaji wenye maana hufanyika katika eneo lililo kati ya kile mtoto anachoweza peke yake na kile anachoweza akishikwa mkono. Chini ya eneo hilo unampotezea muda. Juu yake hakusikii.

Kisha David Ausubel, katika kitabu chake cha saikolojia ya elimu cha mwaka 1968, akaandika kwamba kama angelazimika kuifupisha saikolojia yote ya elimu katika kanuni moja, angesema kinachoathiri ujifunzaji kuliko vyote ni kile ambacho mwanafunzi anakijua tayari.

Mabwana hawa wanapingana kuhusu mengi. Skinner hakutaka kuzungumzia yaliyomo kichwani; Piaget hakuzungumzia kingine. Vygotsky aliipa lugha na jamii nafasi ambayo Piaget hakuipa. Lakini wote wanamtaka mwalimu aanze na swali moja: mtoto huyu anajua nini sasa hivi?

Mwaka 2005 Tanzania ilianza kutumia mtaala wa sekondari unaojengwa juu ya umahiri. Rwanda na Kenya zikafuata njia hiyo katika muongo uliopita, Kenya ikiuacha mfumo wa 8-4-4 hatua kwa hatua kuanzia 2017. Nyaraka zote zilisema mwanafunzi awe kitovu cha ujifunzaji. Piaget na Vygotsky wapo katika nyaraka hizo, wakitajwa au bila kutajwa. Kilichofika darasani ni nini? Mara nyingi ni mpangilio wa madawati. Watoto wageuziane nyuso, wapewe karatasi ya manila na kalamu nene, wachague katibu, mwishoni katibu asome mbele ya darasa. Andalio la somo likitaja “majadiliano katika vikundi”, mthibiti ubora anaridhika.

Kaa nyuma ya darasa la wanafunzi themanini dakika arobaini nzima utazame kikundi kimoja tu. Anayejua anaandika. Wanne au watano wanamtazama. Yule aliyeamini 2/5 anatoka akiamini 2/5, sasa akiwa na hakika zaidi kwa sababu hakuna aliyempinga. Piaget alitaka mgongano wa mawazo, na hapa haukutokea. Vygotsky alitaka mtu anayejua zaidi amwongoze asiyejua, na hapa anayejua ana haraka ya kumaliza manila. Tulichukua vikundi, tukaliacha swali lililovizaa.

Wasomi wameliona hili mapema. Richard Tabulawa wa Botswana alionyesha jinsi mbinu hizi zilivyogongana na maana ambayo walimu na wanafunzi wenyewe wanaipa elimu. Gerard Guthrie, aliyefanya kazi miaka mingi Papua New Guinea, alifika mbali zaidi: katika kitabu chake cha 2011 alishauri nchi kama zetu ziache kuufukuza ufundishaji wa mwalimu kusimama mbele, ziuboreshe. Frances Vavrus, aliyechunguza mafunzo ya ualimu kaskazini mwa Tanzania, alisema nadharia ya mtoto kujijengea maarifa haiwezi kuhamishwa bila kuangalia ukubwa wa madarasa, upungufu wa vitabu na mitihani inayopima jambo jingine kabisa. Mimi niko karibu zaidi na Vavrus. Mwalimu anayesimama ubaoni, akaandika 2/5 bila kusema ni la nani, akauliza darasa zima “hii ni kubwa au ndogo kuliko nusu?”, akasubiri, akasikiliza majibu matatu yanayopingana, amemtii Vygotsky kuliko yule mwenye vikundi kumi na viwili vilivyonyamaza. Na inawezekana hata darasani mwa watoto themanini.

Ushahidi mzito kuhusu jambo hili umetoka magharibi mwa Kenya. Katika miaka ya 1990 watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule 100 za Busia na Teso, ambako shule 25 zilizoteuliwa kwa kura zilipewa vitabu vya kiada kwanza. Kila mtu angetarajia alama zipande. Kwa wastani hazikupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa juu tangu mwanzo. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao kilikuwa lugha ya tatu, na vilifuata mtaala uliokwenda kwa mwendo wa watoto wa juu. Wengine hawakuweza kuvisoma. Kwa wafadhili yalikuwa matokeo ya kushangaza. Kwa aliyemsoma Ausubel hayashangazi: kitabu kilianza mahali ambapo wengi hawakuwa wamefika.

Mwaka 2005 Kremer, pamoja na Esther Duflo na Pascaline Dupas, walirudi magharibi mwa Kenya na swali jingine. Shule 121 zenye mkondo mmoja wa darasa la kwanza zilipata mwalimu wa ziada wa mkataba, darasa likagawanywa mara mbili. Katika nusu ya shule watoto waligawanywa kwa kura, katika nusu nyingine kwa kiwango chao cha ufahamu. Baada ya miezi kumi na minane, shule zilizogawa kwa kiwango zilikuwa mbele, na waliofaidika ni pamoja na watoto wa kundi la chini. Sababu mojawapo ni kwamba mwalimu aliyepewa kundi lenye kiwango kinachokaribiana aliweza kufundisha pale watoto walipo.

Napenda kutoa tahadhari hapa, kwa sababu najua matokeo haya yanavyoweza kutumiwa vibaya. Shule nyingi zimekuwa na mkondo wa “wenye akili” na mkondo wa “vilaza”, watoto wakibaki humo miaka minne huku walimu bora wakipelekwa kwa wa juu ili shule ing'are kwenye matokeo ya taifa. Utafiti ule haukupima hayo. Ulihusu darasa la kwanza na mwalimu wa ziada. Njia ya shirika la Pratham la India inanishawishi zaidi: kwa saa moja hivi kwa siku watoto hupangwa upya kwa kile wanachoweza kusoma au kuhesabu, bila kujali darasa lao, na hupimwa tena mara kwa mara wahamie kundi jingine. Lebo haipati muda wa kuganda.

Mtu wa pwani akisikia hayo anaweza kukumbuka chuo cha Kurani cha kale. Watoto wa umri mbalimbali wako barazani pamoja, lakini kila mmoja ana mahali pake pa kusoma. Huyu yuko kwenye alifu, yule yuko Juzuu Amma, mwingine anakaribia kuhitimu. Mwalimu humsikiliza mmoja mmoja, humrudisha alipokosea, hampi somo jipya kabla la jana halijakaa, na wakubwa huwasomesha wadogo. Kwa upande wa mpangilio, hapo pana Skinner na Vygotsky kwa pamoja, karne nyingi kabla yao. Hata kurudia kwake, ambako wana mageuzi wanakudharau, kuna utetezi wa kisayansi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojilazimisha kukumbuka walichosoma bila kutazama waliwashinda, baada ya wiki moja, wale waliokisoma tena na tena. Kumsomea mwalimu kwa kichwa ni kujilazimisha kukumbuka. Upungufu wa chuo nao unajulikana: mtoto anaweza kuhitimu msahafu mzima bila kuelewa maana ya aya alizozisoma. Ana matamshi na kumbukumbu. Maana humjia baadaye, akibahatika kuendelea na darsa.

Jambo la maana ndilo linalotufikisha kidato cha kwanza nchini Tanzania. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili katika shule ya serikali. Anaingia sekondari, na ndani ya wiki chache za kozi ya Kiingereza anatarajiwa kusoma Biolojia, Historia na Fizikia kwa lugha hiyo. Saikolojia ya utambuzi inaweza kueleza kinachotokea kichwani mwake. George Miller mwaka 1956 alionyesha jinsi akili inavyoweza kushika vitu vichache tu kwa wakati mmoja. John Sweller, kuanzia miaka ya 1980, akaonyesha kwamba nafasi hiyo finyu ikijazwa na kazi za pembeni, ujifunzaji wenyewe hukosa pa kukaa. Mwanafunzi anayepambana kwanza na sentensi, halafu na istilahi, halafu na wazo lenyewe, hulifikia wazo akiwa amechoka. Anachoweza kufanya ni kunakili ubao na kukariri. Kisha tunamlaumu kwa kukariri.

Walimu wanalijua hili, ndiyo maana wanaeleza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Watafiti kama Martha Qorro na Birgit Brock-Utne wamelipigia kelele miaka mingi. Mradi wa LOITASA, ulioanza 2002, ulilinganisha madarasa ya sekondari yaliyofundishwa mada zilezile kwa lugha hizo mbili. Pale palipofundishwa kwa Kiswahili wanafunzi walizungumza zaidi na kuelewa zaidi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili katika ngazi zote, lakini sekondari bado inasoma kwa Kiingereza. Siwezi kukubaliana na wanaolichukulia suala hili kuwa la siasa au uzalendo tu. Ni suala la nadharia ya ujifunzaji: huwezi kudai mtoto ajenge maarifa kwa majadiliano, kisha umnyang'anye lugha ya kujadili. Hoja hiyohiyo inatugusa sisi wapenzi wa Kiswahili, kwa sababu mtoto wa Kimasai au Kisukuma anayeanza darasa la kwanza kijijini naye huenda anakutana na Kiswahili kama kidato cha kwanza kinavyokutana na Kiingereza.

Kuhusu motisha nitasema kwa ufupi. Majaribio ya KiuFunza, yaliyofanyika katika shule 350 za Tanzania mwaka 2013 na 2014, yalilinganisha shule zilizopewa ruzuku, shule ambazo walimu walipewa bonasi kwa kila mtoto aliyefaulu stadi za msingi, na shule zilizopewa vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua alama. Vyote viwili pamoja viliinua. Thorndike asingeshangaa kwamba malipo hubadilisha juhudi. Nadharia yake haisemi lolote kuhusu mwalimu afundishe nini kesho asubuhi kwa aliyeandika 2/5.

Sasa utafiti wenyewe. Karibu kila tasnifu ya elimu katika vyuo vyetu ina sehemu ya kiunzi cha nadharia. Vygotsky anatajwa katika kurasa mbili za sura ya pili, halafu anapotea. Hojaji inawauliza walimu kama wanatumia mbinu shirikishi, asilimia kubwa wanajibu ndiyo, jedwali linachorwa, serikali inashauriwa itoe semina. Nadharia haikuamua nini kipimwe, wala hakukuwa na matokeo ambayo yangeweza kuikanusha.

Linganisha na kazi iliyofanyika Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 2002 na Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakiwamo watafiti Watanzania. Wazo lao lilitoka moja kwa moja kwa Vygotsky: mtihani wa mara moja unaonyesha alichokwisha kupata mtoto, hauonyeshi anachoweza kupata. Waliwapima watoto 358 wa miaka 11 hadi 13 kwa mafumbo ya kupanga vitu, ya mantiki na ya kuuliza maswali ili kugundua kitu kilichofichwa. Kisha wakawafundisha kwa muda mfupi jinsi ya kufikiri kuhusu mafumbo ya aina hiyo, wakawapima tena. Watoto wengine 100 walipimwa mara mbili bila kufundishwa. Waliofundishwa walipanda kuliko wenzao. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba alama za mara ya pili, baada ya msaada, kwa ujumla zilitabiri vizuri zaidi uwezo wa watoto katika vipimo vingine kuliko alama za mara ya kwanza. Mtihani wa aina ya ule wa kwanza ndio tunaoutumia kila siku kuamua nani aende wapi.

Hapo nadharia ilifanya kazi ya utafiti. Ilisema kitu ambacho kingeweza kuwa uongo, ikaleta kipimo ambacho kisingebuniwa bila yake. Natamani mwanachuo mmoja wa shahada ya uzamili achukue sehemu za darasa la tano kwa moyo huo. Aanze na madaftari, akusanye makosa yenyewe na kuyapanga kwa mantiki yake, atofautishe wanaojumlisha asili na asili na wanaodhani 1/4 inaishinda 1/3. Achague madarasa yanayofanana. Katika baadhi, mwalimu arudie kanuni kwa hatua ndogo na kusahihisha papo hapo. Katika mengine, mwalimu aanze na swali la nusu na kuacha kosa lijipinge lenyewe kabla ya kanuni. Skinner na Piaget wanatabiri mambo tofauti hapa, hasa kwa mtoto atakayepewa swali la aina ambayo hakufundishwa, kwa mfano 2/3 + 3/4. Apime siku ya mwisho wa mada, kisha arudi baada ya mwezi mmoja na kupima tena bila taarifa, kwa sababu jibu la siku ya mwisho na jibu la mwezi mmoja baadaye mara nyingi hayafanani. Na katika kila darasa achukue watoto wachache kando, awape dokezo moja kwa wakati, ahesabu ni madokezo mangapi kila mmoja anahitaji kabla hajafika kwenye jibu.